Aliyeshika Kadi

Mwaka 1984 niliajiriwa karani wa leja katika tawi moja la benki mjini Mombasa. Chumba chetu kilikuwa nyuma ya kaunta. Kuta zake zilijaa trei za chuma, na ndani ya trei zilisimama kadi, kila mteja na yake: nambari ya akaunti pembeni juu, jina, kisha safu za tarehe, maelezo, zilizotoka, zilizoingia na salio. Mteja akileta hundi, keshia aliita nambari kupitia kidirisha. Mmoja wetu alivuta kadi, akatazama salio, akapitisha au akakataa. Pale ilipotoka kadi tuliacha kibao chekundu chenye herufi za majina yetu. Kibao kile kilisema mawili: kadi haikupotea, na anayeitaka amngoje fulani.

Wiki yangu ya tatu nilikwama. Nilikuwa nahamisha fedha kutoka akaunti ya mfanyabiashara wa nazi kwenda kwa mwenye lori. Kadi ya nazi nilikuwa nayo mkononi. Nikaenda kuvuta ya lori, nikakuta kibao cha mwenzangu wa meza ya pili. Nikarudi nikakaa. Kumbe yeye naye alikuwa na malipo mengine, kutoka kwa mwenye lori kwenda kwa mwenye nazi, akakuta kibao changu, akakaa. Tulikaa hivyo, kalamu mikononi, kila mmoja akidhani mwenziwe yu karibu kumaliza. Kule kaunta foleni ikazidi kurefuka.

Mzee aliyetusimamia alivua miwani, akatazama vibao viwili, akaelewa kabla hatujamweleza. Alichukua kadi yangu, akakata kwa mstari mmoja nilichokuwa nimeandika, akatia saini kando yake, akaikabidhi kwa mwenzangu.

"Binti yangu, kadi haina miguu," akaniambia. "Haitakujia kwa kungojewa. Wewe uliyeanza nyuma, achia. Mwenzio amalize, kisha uanze upya."

Jioni ile alinifundisha kanuni tatu za chumba. Kwanza, shika kadi zote unazozihitaji kabla hujarudisha hata moja. Pili, ukihitaji mbili, anza na yenye nambari ndogo. Tatu, usiende kunywa chai ukaacha kadi mezani kwako. Nilizishika kama adabu za kazi. Ilinichukua miaka kujua kwamba kanuni ya kwanza ilikuwa imeshaandikwa na kuthibitishwa kihisabati na watu wanne huko California, miaka minane kabla sijaingia chumba kile, na kwamba siku hizi kila anayetuma fedha kwa simu anategemea adabu hiyo hiyo, inayofuatwa na mashine kwa kasi ambayo jicho haliwezi kuifuata.

Hii ni historia ya zamu. Ni habari ya jinsi kompyuta zilivyofundishwa kungojana, na jinsi baadaye zilivyolazimika kujifunza jambo gumu zaidi: la kufanya pale ambapo muda hauruhusu kungoja.

Kiti kimoja, wanunuzi wawili

Kadi na trei hazikuwa mali ya mabenki peke yake. Katika miaka ya 1940 na mwanzoni mwa miaka ya 1950, makarani wa shirika la ndege la American Airlines walikaa kuzunguka trei za kadi zinazogeuzwa kwa mkono, kila kadi ikiwa ni safari moja ya ndege. Simu ikilia kutoka mji mwingine, karani alizungusha trei, akatafuta safari, akatazama kama nafasi ipo, akatia alama. Kuuza tiketi moja mpaka ithibitishwe kulichukua wastani wa dakika 90. Na kwa kuwa wanaouliza walikuwa wengi na kadi ni moja, hatari kubwa ilikuwa ile ile ya chumba chetu: watu wawili kuahidiwa kiti kimoja.

Mwaka 1953, ndani ya ndege iliyokuwa ikitoka Los Angeles kwenda New York, mkuu wa shirika hilo, C. R. Smith, alijikuta karibu na muuzaji wa kampuni ya IBM aliyeitwa Blair Smith. Majina yao yaliwafungulia mazungumzo. IBM wakati huo ilikuwa inashiriki katika SAGE, mtandao wa kompyuta wa kulinda anga ya Marekani, ambamo taarifa za rada kutoka pande nyingi zilikutana na kufanyiwa kazi papo hapo. Wazo likazaliwa la kuutumia ujuzi huo kuuzia viti. Mfumo huo uliitwa SABRE. Kompyuta zake mbili za aina ya IBM 7090 ziliwekwa Briarcliff Manor, jimbo la New York, na kufikia mwaka 1964 ulikuwa umebeba kazi yote ya uhifadhi wa nafasi ya shirika lile. Dakika 90 zikawa sekunde.

Hapo ndipo kibao chekundu kilipohamia ndani ya mashine. Karani wa Chicago na karani wa Dallas hawaonani, hawajuani, na wote wawili wanaomba kiti cha mwisho katika nukta ile ile. Katika chumba cha kadi macho yalitosha: uliona kibao, ukasubiri. Ndani ya kompyuta hakuna macho. Ni lazima mtu akae chini aiandike adabu, neno kwa neno, asiache mwanya hata mmoja.

Mradi wa kwenda mwezini nao uliongeza haja hiyo. Roketi ya Saturn V ilikuwa na vipuri vingi kiasi kwamba hakuna daftari lililoweza kuvifuatilia, kwa hiyo IBM na wajenzi wa chombo cha Apollo wakaunda mfumo wa kuhifadhi orodha hizo, ambao baadaye uliitwa IMS. Tarehe 14 Agosti 1968, kwenye terminali iliyokuwa Downey, California, lilitokea neno moja: READY. Mfumo huo ulitoka kwenye roketi ukaingia kwenye mabenki, na mpaka leo uko kazini.

Sheria ya watu wanne

Mtu aliyeigeuza adabu kuwa sheria ni Jim Gray. Alizaliwa San Francisco mwaka 1944, akasoma Berkeley, na mwanzoni mwa miaka ya 1970 alikuwa katika maabara ya IBM mjini San Jose, kwenye mradi ulioitwa System R. Mwaka 1976 yeye na wenzake watatu, Kapali Eswaran, Raymond Lorie na Irving Traiger, walichapisha makala iliyoweka msingi. Walithibitisha hivi: ikiwa kila muamala utafunga kila kitu kabla ya kukigusa, na ukishafungua kufuli moja haufungi tena jingine, basi hata miamala ikichanganyika vipi, matokeo yatakuwa sawa na yale ambayo yangepatikana kama ingepita mmoja mmoja, kwa foleni.

Nilipolisoma jambo hili kwa mara ya kwanza, katika kozi ya kompyuta miaka ya 1990, nilimwona Mzee wetu amesimama mbele yangu. Shika zote kabla hujarudisha hata moja. Yeye hakuwa na hisabati. Alikuwa na miaka mingi ya kuona makarani wakirudisha kadi mapema, mwingine akaichukua na kuandika juu ya salio ambalo bado halijatulia, na jioni hesabu zikakataa kukutana.

Lakini sheria hiyo haizuii mkwamo, ule ulionikuta mimi na mwenzangu. Mashine nayo hukwama vivyo hivyo, na dawa yake ni ile ile: mfumo huchora nani anamngoja nani, ukiona mduara, humchagua mmoja, humtangua, humrudisha mwanzo. Neno kutangua ni letu tangu zamani, na linakaa sawasawa hapa. Muamala uliotanguliwa huhesabiwa kama haukuwahi kuwako. Kila ulichoandika hufutwa, salio hurudi lilivyokuwa.

Gray alifafanua pia namna ya kumaliza muamala unaogusa mashine zaidi ya moja. Kwanza msimamizi huuliza kila upande: uko tayari? Wote wakijibu ndiyo, msimamizi hutangaza kwamba imekuwa. Mmoja akisema hapana, au akinyamaza, yote hutanguka. Gray alipenda kuufananisha utaratibu huo na harusi. Sisi tuliohudhuria nikaha nyingi tunauelewa bila taabu. Idhini ya bibi harusi hutafutwa, walii husema neno lake, bwana harusi hujibu kwamba amekubali, mashahidi wamesikia. Kabla ya hapo yeyote anaweza kusema hapana na watu wakala pilau yao wakaenda zao. Baada ya hapo imekuwa. Ukitaka kuachana huwezi kusema haikuwa. Itabidi talaka, ambayo ni jambo jipya lenye tarehe yake na mashahidi wake. Gray naye alisisitiza hivyo: muamala uliokamilika haufutwi, bali hurekebishwa kwa muamala mwingine wa kuufidia. Ndiyo maana kwenye leja hatukuwa na ruhusa ya kutumia kifutio. Kosa lilikatwa kwa mstari mmoja, likasomeka, na sahihisho likaandikwa chini yake.

Mwaka 1983 Wajerumani wawili, Theo Härder na Andreas Reuter, walizikusanya sifa za muamala mwema zikawa nne: uwe wote au usiwe kabisa, uache hesabu zikiwa halali, usiingiliwe na wenzake, na ukishakamilika udumu hata umeme ukikatika. Kufikia hapo mtu angeweza kudhani kazi imekwisha.

Sahihi iliyochelewa

Haikwisha, kwa sababu sheria ile ya 1976 haikuwa na saa. Inaahidi kwamba hesabu itakuwa sahihi. Haiahidi itakuwa sahihi lini.

Kwa mteja wa hundi, dakika tano za kungoja ni kero tu. Lakini kuna kazi ambamo jibu likichelewa halina maana tena. Rada inayofuatilia ndege angani huhitaji mahali ndege ilipo sasa. Mahali ilipokuwa nusu dakika iliyopita ni habari ya kupotosha. Mtambo wa kemikali ukipandisha joto, valvu ifunguliwe kabla ya kikomo. Simu ikipigwa, swichi itafute njia yake kabla mpigaji hajakata tamaa. Katika kazi kama hizi kila muamala huja na saa yake mkononi, na data yenyewe huchacha kama maziwa: kipimo cha joto kilichokuwa kweli asubuhi si kweli mchana.

Wataalamu wa kupanga zamu za kazi ndani ya kompyuta walikuwa wamelifikiria jambo la muda mapema. Mwaka 1973 C. L. Liu na James Layland walionyesha namna ya kuzipanga kazi zinazojirudia ili kila moja imalize ndani ya kikomo chake. Ila kazi zao hazikugombania kadi. Kila moja ilikuwa na yake. Wataalamu wa hifadhidata kwa upande wao walikuwa na kadi lakini hawakuwa na saa. Mito hii miwili ilikutana katika miaka ya 1980.

Mwaka 1988 Robert Abbott na Hector Garcia-Molina wa Chuo Kikuu cha Princeton waliuliza swali ambalo Mzee wetu angelipenda. Muamala wa haraka umefika, unataka kadi; kadi imeshikwa na muamala usio na haraka. Nani apishe? Walipima majibu kadhaa. La kwanza: mwenye haraka amtangue aliyeshika, palepale. Ni jibu la ubabe, na lina gharama, kwa sababu kazi yote ya aliyetanguliwa imepotea na itarudiwa. La pili: mtazame aliyeshika, kama amebakiza kidogo na mwenye haraka ana nafasi ya kumngoja, mwache amalize. La tatu: mngoje, lakini umpe aliyeshika haraka yako, afanye kazi kama vile kikomo chako ni chake.

Wengine walifuata njia tofauti kabisa. Mwaka 1981 H. T. Kung na John Robinson wa Carnegie Mellon walikuwa wamependekeza kuachana na kufuli. Kila mtu achukue nakala, aandike kwa penseli, na mwishoni akague: je, kuna aliyebadilisha nilichokisoma? Kama hakuna, weka wino. Kama yupo, tupa nakala uanze upya. Katika mifumo ya kawaida wengi waliona kufuli ni bora. Lakini mwaka 1990 Jayant Haritsa, Michael Carey na Miron Livny wa Chuo Kikuu cha Wisconsin walionyesha kwamba pale ambapo muamala uliochelewa hutupwa, penseli hushinda. Sababu yake inaeleweka ukiitafakari. Kwenye kufuli, mwenye haraka anaweza kumtangua aliyeshika, kisha yeye mwenyewe akachelewa na kutupwa. Wawili wamekufa, hakuna aliyefaidi. Kwenye penseli, hakuna anayemtangua mwenziwe mpaka awe amefika mwisho wa kazi yake. Anayefuta kazi ya wengine ni yule tu aliyekwisha kumaliza.

Mkokoteni wa Likoni

Jibu la tatu la Abbott na Garcia-Molina, lile la kumpa aliyeshika haraka yako, sikulielewa kwa kusoma. Nililielewa kivukoni.

Asubuhi moja mwaka 1996 nilikuwa upande wa Likoni nikienda kazini. Feri imeshatua, watu wanamiminika, na nyuma yetu ambulensi inapiga king'ora ikitaka kuvuka kwenda kisiwani. Askari wa kivuko anapiga filimbi, anapunga mkono, gari zote zimesogea pembeni kama inavyopasa. Ambulensi ikateremka mpaka mdomoni mwa feri, ikasimama. Mbele yake kulikuwa na mkokoteni wa magunia, gurudumu moja limezama kwenye mwanya kati ya bamba la feri na sakafu ya zege. Hamali ameushika mikono yote miwili, shingo imetoka mishipa. Alihitaji hatua mbili tu nyuma apate nguvu ya kuusukuma. Hakuzipata, maana abiria wa miguu kwa desturi hutangulia mikokoteni, na sisi tulikuwa tunampita kushoto na kulia, mamia, kila mmoja akiwahi kazi yake.

Hebu tazama hali ilivyokuwa. Ambulensi ndiyo yenye haki ya kwanza, na kila mtu ameikubali haki hiyo. Sisi wa miguu hatukuwa tumeizuia ambulensi. Tulimzuia hamali, ambaye tuna haki ya kumtangulia. Hamali ndiye aliyeizuia ambulensi. Kwa hiyo mwenye haki kubwa kuliko wote alikuwa akiwangoja watu wenye haki ndogo kuliko yake, na king'ora chake hakikuweza kumsaidia, kwa kuwa kiliwaamrisha wasiokuwa na njia ya kutii.

Mama mmoja mwenye beseni la samaki ndiye aliyetegua. Hakusema ipisheni ambulensi. Alisema, "Jamani, msukumeni huyo!" Watu wakasimama, vijana watano wakaweka mabega, mkokoteni ukaruka mwanya, ambulensi ikaingia nyuma yake. Kwa dakika ile hamali alikuwa na haki sawa na mgonjwa. Alipovuka, haki ile ikamwondokea, akarudi kuwa hamali.

Mambo yote mawili yana majina katika elimu ya kompyuta. Hali ile huitwa kupinduka kwa kipaumbele. Dawa ya yule mama huitwa urithi wa kipaumbele, na wataalamu watatu wa Carnegie Mellon, Lui Sha, Ragunathan Rajkumar na John Lehoczky, ndio walioieleza kwa ukamilifu katika makala iliyochapishwa mwaka 1990. Aliyeshika kufuli hurithi kipaumbele cha mkubwa kuliko wote wanaomngoja, mpaka atakapoachia.

Mwaka mmoja baada ya asubuhi ile ya Likoni, jambo hilo hilo lilitokea mbali kuliko kivuko chochote. Tarehe 4 Julai 1997 chombo cha Marekani, Mars Pathfinder, kilitua kwenye sayari ya Mirihi. Kilituma picha dunia nzima ikashangilia. Siku chache baadaye kompyuta yake ikaanza kujizima na kujiwasha yenyewe, na kila ilipofanya hivyo kazi iliyobaki ya siku ile iliahirishwa hadi kesho yake.

Ndani ya kompyuta ile palikuwa na sehemu ya pamoja ya kupitishia taarifa, iliyolindwa kwa kufuli moja. Kazi ya kusimamia njia ya data ndiyo iliyokuwa na kipaumbele kikubwa. Kazi ya kupima hali ya hewa ilikuwa na kipaumbele kidogo, na ilishika kufuli kwa muda mfupi tu. Mara nyingi hapakuwa na tatizo. Lakini ilitokea kwamba mpima hewa ameshika kufuli, mkubwa anamngoja, na katikati yao ikaamka kazi ndefu ya mawasiliano, yenye kipaumbele cha wastani. Hiyo ikampita mpima hewa, kama sisi tulivyompita hamali. Mpima hewa hakupata nafasi ya kumaliza, mkubwa akakosa kufuli, na mlinzi wa muda alipoona kazi kuu haikukamilika kwa wakati, akahukumu kwamba mambo yameharibika, akaizima kompyuta na kuianzisha upya.

Wahandisi wa maabara ya JPL huko California walikaa na nakala ya kompyuta ile iliyobaki duniani, wakairudiarudia kazi ile mpaka ikajizima mbele yao, kumbukumbu za kila hatua zikiwa zimewashwa. Wakaona. Mfumo endeshi waliotumia, VxWorks, ulikuwa tayari na urithi wa kipaumbele ndani yake; kwenye kufuli lile ulikuwa umezimwa tu. Walituma sahihisho dogo la kuuwasha. Ishara ya redio ilichukua zaidi ya dakika 10 kufika Mirihi wakati ule. Ilipofika, chombo kikaacha kujizima.

Desemba mwaka huo huo, kwenye mkutano wa kimataifa wa mifumo ya papo kwa papo uliofanyika San Francisco, mkuu wa ufundi wa kampuni iliyounda VxWorks alisimulia kisa hicho, akawataja walioandika makala ile ya urithi wa kipaumbele kama mashujaa wake. Sha, Rajkumar na Lehoczky walikuwa ukumbini. Wakaombwa wasimame ili watambuliwe. Kila nikiifikiria dakika hiyo moyo wangu hujaa. Watu watatu waliokaa na hisabati ya nani ampishe nani, na adabu yao ikafanya kazi kwenye mchanga wa sayari nyingine.

Imethibitishwa

Tarehe 28 Januari 2007 Jim Gray aliondoka San Francisco peke yake katika mashua yake ya tanga kwenda visiwa vya Farallon, kuyamwaga baharini majivu ya mama yake. Hakurudi. Walinzi wa pwani walimtafuta, wenzake wakaomba picha za setilaiti, na watu wengi wakazipekua picha zile kipande kwa kipande mtandaoni. Hakuonekana, wala mashua haikuonekana. Sisi wa Pwani tunajua maana ya bahari kumchukua mtu bila kaburi.

Wiki tano na siku mbili baadaye, tarehe 6 Machi 2007, M-Pesa ilizinduliwa Kenya. Hakuna aliyeyahusisha mambo hayo mawili, na hakuna sababu ya kuyahusisha isipokuwa hii: mtu anayeuza mahamri Kongowea akitumiwa shilingi 200, salio la mtumaji likapungua na lake likaongezeka kwa pamoja, au yasitokee yote mawili, anaishi ndani ya nyumba ambayo Gray aliijenga. Miaka ya mwanzo seva za huduma hiyo zilikuwa Ulaya. Fedha ya kutoka Likoni kwenda Mwembe Tayari ilipitia huko kwanza, ikaandikwa, ndipo ujumbe ukarudi. Mwezi Aprili 2015 seva zilihamishiwa Kenya. Na ujumbe unaofika kwenye simu hubeba neno ambalo bibi na bwana harusi wanalielewa: imethibitishwa. Kabla ya neno hilo, yote yanaweza kutanguka. Baada yake, imekuwa.

Katika miaka hiyo ya M-Pesa nilikuwa msimamizi wa hifadhidata katika kampuni moja iliyopokea malipo ya bili kwa simu. Jioni moja ya mwisho wa mwezi malipo yakaanza kukwama. Mtu analipa, sekunde zinapita, mfumo unamkatia kwa kuchelewa, analipa tena. Simu za malalamiko zikajaa. Meneja akaamuru tuongeze nguvu upande wa malipo, malipo yapewe kipaumbele cha juu kuliko vyote. Yalikuwa nacho tayari. Nilifungua orodha ya makufuli nikatafuta aliyeshika. Ilikuwa ripoti ya mwezi, iliyowashwa na kijana wa uhasibu, imepewa kipaumbele cha chini kabisa ili isimsumbue mtu. Imefunga jedwali la wateja, na kila ikitaka kusogea, maombi ya kukagua salio tu yanaipita. Niliipandisha ngazi. Ikamaliza, ikaachia, na malipo yakapita kama maji. Mwenzangu mmoja hakuamini kwamba nimeutibu mfumo kwa kuisaidia kazi iliyoukwamisha.

Kwa hiyo nimejifunza kuuliza swali tofauti na lile linaloulizwa kwanza. Tukiona foleni imesimama, hamu yetu ni kumtafuta mkubwa na kumfungulia njia. King'ora huongezwa sauti, amri hutolewa. Historia hii yote, kutoka trei za American Airlines mpaka mchanga wa Mirihi, inaonyesha kwamba wakubwa wengi waliochelewa hawakuchelewa kwa kukosa haki. Walichelewa kwa sababu mdogo mmoja aliyekuwa na kitu chao hakupewa nafasi ya kumaliza.

Benki ilipoingiza kompyuta na trei kuondolewa, niliomba kibao changu. Bado kiko mezani kwangu. Rangi imepauka, herufi za jina zinasomeka. Vijana ninaowafundisha kazi wakija na habari kwamba mfumo umeganda na meneja anapiga kelele, nakisogeza mbele yao kabla hatujagusa kompyuta. Wameshazoea. Wanajua watakaloulizwa: nani kashika kadi, na anahitaji nini ili amalize?